Pazia la Buluu na Madoa ya Nuru

Kumtoa mchezaji wa sinema mahali alipopigwa picha na kumweka mahali asipopata kukanyaga ni ufundi wa tangu enzi ya filamu zisizo na rangi. Mwaka 1918 Mmarekani Frank Williams alipewa hati ya kulinda njia yake ya kumpiga picha mchezaji mbele ya ukuta mweusi, kisha kumtenga nao. Lakini taabu inayosimuliwa hapa ilianza rangi zilipoingia.

Katika The Thief of Bagdad, filamu ya mwaka 1940 iliyochotwa katika hadithi za Alfu Lela Ulela, Lawrence Butler alitumia pazia la buluu, maana buluu ndiyo rangi iliyo mbali kabisa na ngozi ya binadamu. Alipata tuzo ya Oscar, na aliistahili. Hata hivyo, atazamaye kwa makini huona uzi mwembamba wa buluu ukiwazunguka watu. Sababu yake ni nyepesi: nuru haikai paziani. Hurudi ikamwangukia mchezaji shingoni, begani na katika ncha za nywele. Mkasi wowote, hata uwe mkali namna gani, hauwezi kuondoa rangi iliyokwisha kuingia katika kitu chenyewe.

Aliyelifahamu jambo hili kwa undani ni Petro Vlahos (1916–2013), aliyetafuta njia mpya kwa ajili ya Ben-Hur ya mwaka 1959. Yeye hakuuliza tu mpaka wa mtu uko wapi. Aliuliza buluu imezidi rangi nyingine kwa kiasi gani. Palipozidi sana palikuwa pazia tupu. Palipozidi kidogo palikuwa moshi, kioo au unywele, na mandhari mpya iliruhusiwa kuonekana kwa kadiri ile ile. Kisha akaweka kanuni: katika picha ya mchezaji, buluu isiruhusiwe kupita chanikiwiti. Mvi, ambazo kwa asili rangi zake tatu hulingana, zikitiwa doa na pazia hurudishwa katika weupe wake. Ngozi haidhuriki, kwa kuwa buluu yake ni haba tangu mwanzo.

Kanuni hiyo ilidai malipo yake. Haikuweza kupambanua buluu ya pazia na buluu ya nguo. Vazi la zambarau liligeuka jekundu, na la buluu iliyokolea likafifia likawa kama jeusi. Basi mshoni wa mavazi alilazimika kumtii fundi wa maabara, jambo ambalo hapana shaka halikumfurahisha kila mara. Kwa Mary Poppins ya mwaka 1964, Disney walitumia njia nyingine ya Vlahos, pazia lililomulikwa kwa taa za sodiamu, ambayo iliziacha rangi zote za nguo salama. Lakini ilihitaji kamera ya pekee yenye mche wa kioo wa kuigawa nuru.

Adui wa pili alikuwa chembechembe za filamu. Tabaka la buluu ndilo lenye chembe nyingi kuliko mengine, nalo ndilo lililotegemewa kutengeneza kivuli cha kumtenga mchezaji; kwa hiyo kivuli kilijaa matundu madogo yaliyochezacheza. Kila nakala iliongeza chembe nyingine. Mafundi wa Star Wars, mwaka 1977, walipiga picha zao za hila kwa VistaVision, ambayo kila picha yake ilikuwa na eneo kama maradufu ya ile ya kawaida, ili chembe zionekane ndogo.

Kamera za kidijitali ziliipa nafasi rangi ya chanikiwiti. Katika mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ambao hati yake ilitolewa mwaka 1976, vijicho viwili katika kila vinne hupokea chanikiwiti. Kwa hiyo rangi hiyo ndiyo safi kuliko zote. Kanuni ya Vlahos iligeuzwa tu: sasa chanikiwiti ndiyo iliyofungwa isizidi wenzake. Chembe nazo hazifutwi ovyo, maana azifutaye katika picha ya mchezaji hufuta na vinyweleo vya uso. Fundi mwangalifu husafisha nakala moja, akaitumia kukatia kivuli peke yake. Rangi za mchezaji huzitwaa katika picha ya asili pamoja na chembe zake. Kisha huipaka mandhari mpya chembe za namna ile ile, na katika buluu huzizidisha.