Maji, chumvi na sukari: tiba iliyojaribiwa katika kambi ya wakimbizi

Hadi miaka ya 1960, mtoto aliyeharisha mpaka macho yakaingia ndani alikuwa na tegemeo moja kubwa: kutundikiwa dripu hospitalini. Penye uhaba wa dripu, wengi walizikwa.

Mwanzoni mwa miaka hiyo wanasayansi walibaini kwamba utumbo hufyonza chumvi kwa wepesi zaidi ikiandamana na sukari, na maji hufuata nyuma yake. Mwaka 1968, mjini Dhaka, iliyokuwa Pakistan Mashariki, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu walionyweshwa mchanganyiko huo walihitaji dripu kidogo mno.

Hata hivyo, wengi hawakusadiki. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India, na kipindupindu kikazuka katika kambi za Bangaon. Dripu zilipokaribia kwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Mchanganyiko uliwekwa katika mapipa, na jamaa za wagonjwa ndio waliochota na kunywesha. Vifo, vilivyokuwa vimefikia asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4 miongoni mwa waliotibiwa na kikosi chake. Daktari huyo alifariki dunia mwaka 2022.

Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda huo ndio ulikuwa ugunduzi muhimu kuliko yote ya tiba katika karne ile. Kisha, katika miaka ya 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, kuwafundisha akina mama kipimo cha vidole: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi ya sukari guru. Mwalimu alilipwa kulingana na kile ambacho mama alikikumbuka.

Leo pakiti ya chumvichumvi, yaani ORS, huyeyushwa katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na mtoto hunyweshwa kidogo kidogo huku akiendelea kunyonya na kula. Tangu mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Lakini tiba ya nyumbani ina mpaka wake. Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akiwa na damu katika choo, akilegea au kuzimia, au ngozi yake ikibanwa inachelewa kurudi, apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa njiani ikiwa anaweza kumeza. Waliookolewa Bangaon waliwahiwa kabla maji hayajawaishia mwilini.