Ufundishaji wa ramani kupitia afya ya umma (Mombasa bara)

Ni njia ya kumfunza mwanafunzi skeli, pande za dira na umbali kwa kuchora mambo yanayogusa uzima wa watu wa mtaani kwake. Mfano unaotajwa sana ni ramani ya daktari John Snow ya mlipuko wa kipindupindu wa 1854 jijini London, iliyoonyesha vifo vikiwa vimerundikana karibu na pampu ya maji ya Broad Street.

Mombasa bara ina mifano iliyo karibu zaidi na mwanafunzi. Kisauni wakazi wengi hutegemea visima, na vyoo vya shimo vimechimbwa kwenye nyua zizo hizo. Ardhi ni ya mchanga na mawe ya matumbawe, hupitisha maji machafu upesi. Kwa kawaida hushauriwa choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Katika ramani ya 1:50,000, ambayo mtahiniwa wa KCSE ameizoea, mita 30 ni milimita 0.6: choo na kisima humezwa na nukta moja ya penseli. Ua wenyewe ukichorwa kwa 1:500, mita 30 huwa sentimita 6, na hatari huonekana waziwazi. Hakuna zoezi la skeli linaloeleweka haraka kuliko hili, na vifaa vyake ni kamba iliyopigwa fundo kila mita, dira na karatasi ya miraba.

Likoni hufundisha umbali. Mkondo wa kivuko una upana wa takriban nusu kilomita, yaani sentimita 1 katika ramani ya 1:50,000, lakini mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa kisiwani huenda akasubiri feri. Darasa lichore basi ramani mbili, ya mita na ya dakika.

Upande wa Changamwe kuna kisa cha Owino Uhuru, Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hapa dira hukutana na pepo: wanafunzi huonyesha nyumba zilizokuwa zikifikiwa na moshi wakati wa kusi, kisha wakati wa kaskazi.

Katika ramani hizi, alama ziwekwe kwenye visima na vyoo, kamwe si kwenye mlango wa mgonjwa. Nakala ya ramani apewe mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa huo, maana yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba.