Disiki na Mistari Yake

Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alifika na vyombo vyake hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule, akamkuta kijana Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke akipiga gitare. Akamrekodi akiimba «Masanga». Wimbo ule ulienea pote; lakini ulipaswa kuwa mfupi. Disiki ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande wake ulijaa kwa dakika tatu na kidogo. Kwetu sisi, ambao wimbo unakwisha wachezaji wakichoka, kipimo hicho kilikuwa kikali.

Dawa ilikwisha kuonekana Marekani mwaka 1948. Kampuni ya Columbia ilipunguza mwendo mpaka mizunguko 33 na theluthi, ikachora mifereji myembamba yenye kusongamana. Upande mmoja ukashika dakika 20 na zaidi. Kisha mafundi wakajifunza jambo la akili: pahali sauti ni ndogo, mifereji inakaribiana, pahali ngoma inalia kwa nguvu, inaachana. Hivi Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 kwa uongozi wa Padri Guido Haazen, iliweza kutoka katika disiki moja, tangu Kyrie mpaka Agnus Dei.

Philips, kampuni iliyoitoa Misa ile, ndiyo iliyotengeneza pamoja na Sony disiki ya mwanga, CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982. Hapo hakuna sindano tena. Mwali wa lazeri unasoma vishimo vidogo sana. (Wengine wanaandika «leza», sisi tunaogopa, maana kwa Waluba Leza ni Mungu.) Toka mstari hadi mstari ni 1,6 ya sehemu ya elfu ya milimetri. Kwa nini wasisonge zaidi? Kwa sababu mwali mnene ungegusa mistari miwili pamoja. Ilibidi kwanza kupata mwanga wenye wimbi fupi, na lenzi yenye kuukusanya vizuri zaidi. DVD ya mwaka 1996 ilitumia mwanga mwekundu, mistari ikafika 0,74. Blu-ray ya mwaka 2006 ilitumia mwanga wa zambarau, ikafika 0,32.

Upana haukubadilika, santimetri 12 tu. Lakini kutoka megabaiti 650 tukafika gigabaiti 4,7, halafu 25 kwa tabaka moja. Kwa sauti safi ya CD, gigabaiti hizo ni saa 39 hivi. Mzee anayejua kasala ya ukoo wake angeimba usiku kucha na mchana wake, na disiki isingejaa.