Ukuta wa Mgodi Husogea Kabla ya Kuanguka

Ukuta wa mgodi kwa kawaida hauporomoki bila kutoa taarifa. Huanza kusogea milimita chache chache, na jicho la mchimbaji halioni kitu. Kwa miaka mingi wataalamu wamehangaika kuunasa mwendo huo uliojificha, na msaada wao mkubwa umekuwa kitu chochote kinachorudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga.

Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha mjini Cologne chombo kilichotuma mawimbi ya redio na kuyapokea yakirudi kutoka kwenye chuma. Alitaka meli zisigongane kwenye ukungu. Huyo ndiye babu wa rada, ambayo leo hutumika hata migodini.

Dhahabu ya Geita, Tanzania, ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mgodi ukafunguliwa upya mwaka 2000 kwa mashimo makubwa ya wazi. Mwaka 2007 ukuta wa shimo la Nyankanga uliporomoka. Katika mashimo ya aina hiyo, wapimaji hufunga vioo vya prizimu ukutani na kuvipiga mwanga ili kupima umbali. Umbali ukibadilika, mwamba umesogea. Lakini vumbi huziba mwanga, na kioo hueleza habari za pale kilipofungwa tu. Rada ya kuta, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, humulika ukuta mzima usiku na mchana, na huona msogeo usiofika hata milimita moja.

Tangu 2014, setilaiti za Ulaya za Sentinel-1 hupima ardhi kwa rada kutoka angani, na picha zake ni za bure. Majani huzivuruga, lakini dawa ipo: mabati bapa matatu yaliyounganishwa kwa pembe mraba, kama kona ya ndani ya sanduku. Wimbi likiingia humo hurudi lilikotoka, na kona hiyo hung'aa pichani kama nyota. Ikisogea, inajulikana.

Novemba 7, 2022, kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, zilipasuka, tope likavamia makazi na mashamba. Kona za mabati zingestahili kusimama kwenye kingo za kila bwawa la namna hiyo. Fundi bati wa mjini anaweza kuziunda.

Setilaiti haioni ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo. Kwake yeye, ufa mpya mdomoni mwa duara ndiyo rada. Ndugu mchimbaji, ukiuona, toka kwanza. Maswali yafuate baadaye.