Kisawazishi na Sikio: Historia ya Kujifunza Usawazishaji wa Masafa katika Muziki Uliorekodiwa, kwa Kurejelea Mutakura, Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya usawazishaji wa masafa, yaani kuinua au kupunguza sehemu fulani za sauti wakati wa kuchanganya muziki uliorekodiwa, na maana ya historia hiyo kwa mafunzo ya mafundi sauti wa mitaa kama Mutakura. Hoja yake ni kwamba kisawazishi kilizaliwa kama chombo cha kusahihisha, na kila usahihishaji hudai kielelezo cha sauti iliyo sahihi. Kielelezo hicho kinapoazimwa bila kuchunguzwa, kinaweza kufuta maana ya muziki. Mfano mkuu ni uimbaji wa kunong'ona unaoandamana na inanga.

1. Utangulizi

Mutakura ni mtaa ulioko kaskazini mwa Bujumbura, katika kanda ya Cibitoke. Kijana wa huko anayetaka kujifunza kuchanganya muziki anahitaji kompyuta moja na programu kama FL Studio ili kupata visawazishi ambavyo miaka ya 1970 vilipatikana katika studio kubwa pekee. Kwa hiyo kifaa si kizuizi kikuu tena. Kilicho adimu ni sikio lililofunzwa, pamoja na lugha ya kuelezea kile ambacho sikio hilo linasikia. Programu huzungumza Kiingereza. Redio ya Burundi imerithi istilahi za Kifaransa. Mwanafunzi na mwalimu wake huelewana kwa Kirundi au Kiswahili. Ili kuamua nini kifundishwe, inafaa kwanza kuuliza chombo chenyewe kilitoka wapi na kilikusudiwa kutatua tatizo gani.

2. Chimbuko la kisawazishi

Jina la kisawazishi linatokana na kazi yake ya awali. Waya mrefu wa simu hudhoofisha masafa ya juu kuliko ya chini, na wahandisi walitafuta njia ya kuyarudisha yawe sawa na yalivyokuwa upande wa msemaji. Simu yenyewe ilitosheka na masafa ya takriban Hz 300 hadi 3,400, ilhali sikio zima la binadamu husikia kati ya Hz 20 na 20,000. Hivyo tangu mwanzo palikuwa na uamuzi wa kijamii ndani ya uamuzi wa kiufundi: ni sehemu ipi ya sauti inayotosha?

Redio na filamu zilikipeleka chombo hicho studio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza usikivu wa masafa ya chini kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 1951 kampuni ya Pultec ilitoa kisawazishi kilichopendwa na studio za Marekani, na mwaka 1952 Peter Baxandall wa Uingereza alichapisha saketi rahisi ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, ambayo ilienea katika redio na vikuza sauti vya majumbani. Mwaka 1972 George Massenburg aliwasilisha muundo uliomwezesha fundi kuchagua mambo matatu kila moja peke yake: masafa yenyewe, kiasi cha kuinua au kupunguza, na upana wa eneo linaloguswa. Visawazishi vya kompyuta vinavyotumiwa leo vimefuata mpango huo. Katika hatua hizi zote chombo kilihama kutoka kurudisha sauti iliyopotea hadi kuiumba sauti inayotakiwa.

3. Kurekodiwa na wengine

Katika Afrika Mashariki uamuzi wa mwisho juu ya sauti ulikaa mbali na wanamuziki kwa muda mrefu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV. Sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye santuri, bila hatua ya kuchanganya baadaye. Burundi nayo ilirekodiwa na wageni. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alikusanya rekodi zilizochapishwa na Ocora ya Ufaransa. Ngoma zilizomo zilichukuliwa Ulaya zikachanganywa na piano na gitaa katika "Burundi Black" ya mwaka 1971, na Joni Mitchell wa Kanada alizitumia mwaka 1975 katika "The Jungle Line". Mdundo wa Burundi ukawa maarufu huku walioamua usikike vipi wakiwa hawakuwahi kusimama mbele ya ngoma hizo.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilirefusha umbali huo. Kidum, mzaliwa wa Kinama, alihamia Kenya na kujenga kazi yake Nairobi. Ndani ya Bujumbura, redio ilibaki miongoni mwa shule chache za vitendo za fundi sauti. Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, na vituo binafsi kama RPA, Isanganiro na Bonesha vikafuata. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, vituo hivyo vilishambuliwa na kunyamazishwa. Hasara yake kwa uhuru wa habari imejadiliwa sana. Hasara kwa uanagenzi wa sauti haijajadiliwa vya kutosha: chumba cha kurushia matangazo kinapofungwa, mwanagenzi hukosa pia fundi wa kuketi kando yake.

4. Inanga: ambapo kelele ndiyo lugha

Inanga ni ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa bonde. Katika mtindo mmoja wa Burundi mpigaji haimbi kwa sauti kamili bali hunong'ona. Katika mnong'ono nyuzi za koo hazitetemi, kwa hiyo hakuna noti. Kinachosikika ni msukosuko wa hewa unaoumbwa na kinywa. Cornelia Fales, aliyechunguza mtindo huu na kuchapisha makala yake katika jarida la *Ethnomusicology* mwaka 2002, ameonyesha kwamba msikilizaji husikia mnong'ono kana kwamba ndio unaobeba lahani, ingawa lahani hiyo hutolewa na nyuzi za inanga. Sikio huviunganisha viwili kuwa kimoja.

Kwa fundi anayejifunza, hapa pana mtihani mgumu. Kanuni za kawaida humwambia akate masafa ya chini ili kuondoa mvumo wa umeme, ambao Burundi hutokea kwenye Hz 50 na vizidisho vyake, na apunguze ya juu ili kuondoa kelele za kanda. Lakini inanga ni ala ya sauti nzito, na konsonanti za mnong'ono, kama s na sh, zina nguvu yake kubwa juu ya Hz 2,000, palepale penye kelele za kanda. Fundi akikata chini kupita kiasi, lahani hudhoofika. Akikata juu, maneno hupotea. Akikata kote kuwili, hubakiwa na rekodi safi isiyosema kitu.

Ngoma za kifalme, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, zina tatizo linalofanana. Inkiranya huongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata kiongozi. Fundi akizikuza zote kwa besi ileile, kama afanyavyo kwa ngoma ya dansi, humwondolea msikilizaji uwezo wa kutambua nani anaongoza na nani anafuata.

5. Mafunzo yafuate nini?

Historia hii inaelekeza utaratibu wa mafunzo. Mwanafunzi aanze kwa kuisikiliza ala ana kwa ana kabla ya kuisikiliza katika spika, kwa sababu spika ndogo haitoi masafa ya chini kabisa, na anayeamini spika hiyo huongeza besi asiyoisikia. Kisha ajifunze kuinua eneo jembamba, kulitembeza polepole hadi alitambue tatizo, na kulipunguza badala ya kukuza mengine yote. Alinganishe kabla na baada kwa ukubwa uleule wa sauti, maana sauti iliyokuzwa kidogo hudhaniwa kuwa bora. Mwisho, mwanamuziki aulizwe kabla ya jambo lolote kuitwa kelele.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mapendekezo matatu yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, kila mradi wa kuhamishia rekodi za zamani kwenye kompyuta ufuate mwongozo wa IASA, unaotaka nakala ya kuhifadhiwa isisafishwe wala kurekebishwa, na iwe angalau na sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Usawazishaji ufanywe kwenye nakala nyingine. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae orodha ya istilahi za sauti pamoja na mafundi wenyewe, ili mwanagenzi wa Bujumbura na mwenzake wa Dar es Salaam waweze kufundishana. Tatu, fedha za mafunzo ya ubunifu zilipie muda wa mafundi wazoefu na wapigaji wa inanga na ngoma, na si ununuzi wa vifaa peke yake. Wapigaji hao ndio wanaoweza kumwambia kijana wa Mutakura kwamba alichotaka kukifuta kilikuwa neno.