Mwanga Kichwani, Mikono Kazini: Safari ya Taa ya Fundi Hadi Tunduma

Kwenye foleni ya malori ya Tunduma kazi haisubiri alfajiri. Tairi likipata pancha au breki ikigoma usiku, fundi huingia uvunguni mwa tela akiwa amejifunga taa ndogo kichwani, mikono yote miwili ikishika spana. Taa hiyo imesafiri zaidi ya karne moja kumfikia.

Katika eneo ambalo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe, uliko mji wa Tunduma, haja ya taa ya namna hiyo ilianzia chini ya ardhi. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na mgodi wa Saza, ambao leo uko Wilaya ya Songwe, ulizalisha hadi 1956. Katika migodi mingi duniani zama hizo wachimbaji walivaa kofiani taa za kabaidi: maji yalidondokea kabaidi, gesi ya asetilini ikatoka, ikawaka. Mikono ilikuwa huru, lakini mwali ulikuwa wazi, na palipojaa gesi za mgodini uliweza kuua. Kufikia 1915 wachimbaji wa Marekani walikuwa wamepata taa ya umeme ya Edison, balbu ikiwa kofiani na betri kiunoni.

Juu ya ardhi watu waliendelea na koroboi, chemli na karabai. Kisha zikaja barabara ya Tanzam na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na Tunduma ikawa lango la Zambia. Malori yaliongezeka, na mafundi nao. Chombo chao kilikuwa tochi ya betri kavu, zikiwemo za National zilizotengenezwa Dar es Salaam. Tochi hiyo ilihitaji mtu wa kuishika. Utingo asipokuwepo, fundi aliibana shingoni au kuing'ata kwa meno. Balbu yake ya waya nayo iligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, hivyo betri zikaisha upesi.

Mkombozi alikuwa LED, diodi inayotoa mwanga bila kupoteza umeme mwingi kuwa joto. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza ile ya mwanga mwekundu unaoonekana. Mwanga mweupe ulichelewa, kwa kuwa ulihitaji LED ya bluu yenye nguvu. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na Shuji Nakamura kwa upande wake, waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ikifunikwa kwa fosfa ya njano, bluu ile huonekana nyeupe. Kazi hiyo iliwapa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kwa fundi, maana yake ilikuwa moja: betri ndogo sasa ingetosha kuwasha taa nyepesi ya kuvaa kichwani.

Tanzania ilikuwa na sababu ya ziada ya kuipokea. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta hayo, na koroboi ikawa ghali kuliko zamani. Tochi za LED kutoka China zilikuta soko liko tayari.

Hata hivyo, urahisi wa bei umekuja na hasara. Baadhi ya tochi za bei ya chini huwa na betri ya risasi, ambayo ikiachwa tupu bila chaji huharibika mapema. Fundi hununua nyingine, na ile mbovu hutupwa jalalani ikiwa na sumu yake.

Anayelaza mwili wake chini ya tani kadhaa za chuma anastahili taa ambayo haitazimika katikati ya kazi. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, lizikague taa hizi kwa ukali uleule wa bidhaa nyingine za umeme. Nawe mnunuzi, kabla ya kulipa uliza aina ya betri, uliza kama inabadilishika, na udai risiti yenye dhamana.