Waya Mweusi

Fundi rewaya alipofungua taa ya nyuma ya Land Rover ya babu, Old Moshi, alicheka. "Waya mweusi ni ethi. Huu unapeleka moto! Aliyefunga hapa hakujua kazi." Ushauri wake: tung'oe nyaya zote, tuanze upya.

Babu alinyamaza. Aliyefunga ni yeye.

Ugonjwa ulikuwa huu: ukiwasha indiketa, taa za nyuma nazo zinapepesa, ukikanyaga breki, zote zinafifia. Gari ni la 1968. Katika magari ya Kiingereza ya wakati ule, rangi za nyaya zilikuwa lugha: kahawia hutoka kwenye betri, nyeupe hupitia swichi ya funguo, nyekundu huenda kwenye taa ndogo na za nyuma, nyeusi ni ethi. Kwenye gari letu waya mwekundu unaishia chini ya siti. Kutoka hapo ni mweusi, wa kufungia umeme wa nyumba. Kiungo kimechomelewa kwa risasi na kuzungushiwa mpira wa tyubu.

Nasoma historia, kwa hiyo nilimuuliza babu: lini?

"Mpaka ulipofungwa."

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Holili haiko mbali na Moshi, lakini spea za ng'ambo ya pili zikawa kama ziko Ulaya. Vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikakauka. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Katika rasimu ya tasnifu yangu nilikuwa nimeuita ufundi wa miaka hiyo "kubahatisha."

Nilimwomba fundi apime kwanza kabla ya kung'oa. Alichukua taa yake ya kupimia, balbu yenye nyaya mbili. Ncha moja aliigusisha kwenye waya mweusi pale taani, nyingine akaivuta kwa waya mrefu hadi kwenye ethi ya betri. Balbu ikawaka kabisa. Kisha ncha ile ya pili akaihamishia kwenye bodi, kando ya taa. Balbu ikafifia. Moto ulikuwa unafika vizuri; haukuwa na njia ya kurudi. Ndiyo maana ulikuwa ukiitafuta kupitia balbu za jirani.

Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, juu ya chesisi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa polepole na kugeuka unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Na huku mlimani mvua hatuna uhaba nayo. Unga huo ndio tulioukuta chini ya bolti ya ethi.

Kwa hiyo gari lilibeba uhaba wa nchi mbili. Wa kwao ndio ulioleta hitilafu. Kiungo cha babu, kilichozaliwa na uhaba wetu, kilikuwa kizima.

Fundi alikwangua, akapaka grisi, akakaza. Taa zikatulia.

"Nisamehe, mzee," alisema.

Babu alimwomba kitu kimoja: afunge tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili za waya mweusi, ili fundi atakayekuja ausome sawasawa. Mimi nilirudi kwenye rasimu yangu, nikafuta neno.